HITA ILIYOZIBA NA MIPIRA YA MAJI
Maneno ya Fundi kwa Madereva wa Osiri

(Maneno haya yalisemwa na fundi mmoja, mwanachama wetu wa miaka mingi, katika mkutano wa Jumapili wa madereva, mafundi na matingo hapa Osiri. Wanachama waliokuwa safarini siku ile wameomba yachapwe. Karani wa tawi ameyaandika kama yalivyosemwa.)



Nilipoambiwa kwamba leo nitasema habari za hita ya gari, kijana mmoja pale nyuma alicheka. Akasema, "Mzee, hapa Osiri jua lakaanga mawe. Nani anataka hita?" Simlaumu. Na mimi nilipokuwa kijana nilisema vivyo hivyo. Lakini nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, kisha kila mtu aamue mwenyewe kama ni jambo la kucheka.

Gari zetu nyingi, Probox, Noah, Canter na nyinginezo, zimetoka Japani, nazo zilitumika huko kabla ya kufika kwetu. Japani wana majira ya baridi kali, kwa hiyo kila gari ina hita. Hita hiyo haikubaki Japani. Imekuja na gari, imekaa nyuma ya dashibodi, na maji ya injini yapita ndani yake, upende usipende. Ikioza, ni injini yako inayopoteza maji. Ikiziba, ni dalili kwamba rejeta yako kubwa nayo iko njiani kuziba.

Tena wengi wetu hatuishii Osiri. Samaki wa Nam wasafiri usiku kwenda Nairobi. Ukipita Kericho na Mau Summit, au ukipita Narok ukapanda Limuru, wakutana na ukungu na baridi usiku wa manane. Kioo cha mbele chafunga mvuke kwa ndani. Dereva mwenye hita nzima huelekeza hewa ya moto kwenye kioo na kuona njia. Dereva asiye na hita hupangusa kioo kwa kitambaa, mkono mmoja kwenye usukani, na lori lingine laja mbele yake. Ndugu zangu, hapo hakuna kicheko.

HITA NI KITU GANI

Hita ni rejeta ndogo, haizidi ukubwa wa kitabu kinene. Mipira miwili ya maji yatoka kwenye injini, yapita ukuta wa bati ulio mbele ya miguu ya dereva, na kushikana na mabomba mawili ya rejeta hiyo ndogo. Mpira mmoja huleta maji ya moto, wa pili huyarudisha. Feni husukuma hewa katikati ya mapezi yake, na hewa hutoka ikiwa ya moto. Basi. Hakuna uchawi.

Kwa kuwa mirija yake ni myembamba sana, ndiyo ya kwanza kuziba. Kutu ya injini, chumvi za maji magumu, matope, na ile dawa ya unga ya kuziba matundu ya rejeta, vyote hukimbilia pale na kukaa. Hita ni kama chujio la chai. Ukitaka kujua majani yako ni ya namna gani, tazama chujio.

Sasa tujiulize, uchafu huu watoka wapi? Watoka katika maji tunayotia sisi wenyewe. Hapa kwetu gari ikichemka, utingo hukimbia na kibuyu mpaka maji ya kwanza atakayoyaona. Mara ni maji ya ziwa, mara ni ya kisima, mara ni ya shimo la dhahabu. Maji ya shimo yana matope ya mawe yaliyosagwa. Na sote twajua kwamba wachimbaji wetu hutumia zebaki kukamata dhahabu. Maji ya kuoshea dhahabu si maji ya gari, wala si maji ya mikono ya mtoto anayetumwa kuyateka. Yaacheni kabisa.

Kitu kinachofaa ni kulanti, yaani dawa ya rejeta, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, isipokuwa kama mkebe wenyewe waandika kwamba imekwisha kuchanganywa. Wengi wadhani kulanti ni ya nchi zenye theluji tu, maji yasigande. Sivyo. Kazi yake kubwa kwetu ni mbili. Kwanza huzuia kutu ndani ya injini. Pili hufanya maji yachelewe kuchemka.

Hili la kuchemka mlifahamu vizuri. Maji matupu pwani ya Mombasa huchemka kwa nyuzi 100. Hapa kando ya Nam tuko juu ya bahari kiasi cha mita 1,134 na zaidi, kwa hiyo maji ya wazi huchemka karibu na nyuzi 96. Ukipanda milima ya mita 2,400, huchemka karibu na nyuzi 92. Na injini nyingi thamostati yake hufungua kati ya nyuzi 82 na 88. Mnaona jinsi nafasi ilivyo ndogo! Kifuniko cha rejeta ndicho kinachotuokoa, maana chafunga shindikizo ndani, na maji yaliyoshindikizwa hayachemki upesi. Lakini kifuniko kikiwa kimechoka, au mpira ukivuja, shindikizo latoroka, na maji yachemka mlimani mahali ambapo jana hayakuchemka. Dereva hulaumiwa kwamba ameendesha vibaya. Kosa ni la mpira wa shilingi chache.

JAMBO LILILONIPATA MIMI

Nitawaambia habari moja, na siisemi kwa fahari.

Miaka michache iliyopita mwenye gari mmoja aliniletea Canter yake iliyokuwa ikibeba samaki. Mpira mmoja wa hita ulikuwa umevimba karibu na klipu. Nikamwambia, "Mipira yote miwili imekwisha, na hita imeziba, twendeni tukanunue mipira ya hita." Akauliza bei. Nilipomtajia akasema, "Fundi, wewe una mpira wa pampu ya shimo pale. Kata kipande, funga, gari iende kazini leo usiku." Nilijua kwamba mpira ule si wa maji ya moto. Lakini nilikuwa na watoto wawili waliofukuzwa shule kwa karo. Nikakata, nikafunga, nikapokea pesa yangu.

Mpira ule ulidumu wiki tano. Kijana aliyekuwa akiendesha aliona unalia maji, akamwambia tajiri mara tatu, kwa mdomo. Aliambiwa aongeze maji na aendelee. Usiku mmoja, akipanda mlima baada ya Kisii, mpira ulipasuka. Maji yote yakamwagika. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo madereva wengi hudanganywa. Mshale wa joto ulipanda kidogo, kisha ukashuka. Kijana akashukuru Mungu, akaendelea na safari. Hakujua kwamba kile kipimo hupima joto la maji, na maji yakiisha kabisa chapima hewa. Mshale ulishuka kwa sababu hakukuwa na cha kupima. Kilomita chache mbele injini ikakata. Gasketi ya hedi imeungua, na silinda hedi imepinda.

Tajiri akasema, "Umenichomea injini, utalipa." Akaanza kumkata mshahara. Mwezi wa kwanza kijana hakumwambia mtu. Mwezi wa pili mkewe alikuja kwa Katibu wetu, hana unga nyumbani.

Katibu aliita kikao. Tajiri alikuja, si mtu mbaya, naye ana madeni yake. Akasema, "Huyu hakuniambia kitu. Kama aliniambia, karatasi iko wapi?" Kijana hakuwa na karatasi. Akanyamaza. Katibu akanitazama mimi. Nilikuwa nimekuja na mpira ule uliopasuka, maana nilikuwa nimeuhifadhi gereji. Nikautoa, nikaupasua kwa kisu kwa urefu juu ya meza. Kwa nje ulionekana wa kufaa. Kwa ndani ulikuwa umemenyuka kama ganda la muhogo uliochemshwa. Nikasema, "Mpira huu si wa hita. Ni wa pampu. Niliufunga mimi, na nilijua."

Ndugu zangu, maneno hayo yalikuwa mazito kinywani. Nilipoteza mteja yule, na wengine wawili pamoja naye. Lakini tajiri hakuweza tena kusema kwamba kijana ndiye aliyechoma injini. Makato yalisimamishwa, na pesa zilizokwisha kukatwa zikarudishwa kwa mafungu mawili. Mimi nilitengeneza hedi ile bila ujira wa mikono. Tangu siku hiyo sijafunga mpira wa pampu katika gari ya mtu, hata akinipigia magoti.

Ndiyo maana leo nawafundisha kazi hii wazi, ili dereva ajue kinachofungwa katika gari yake, na fundi asipate pa kujificha kama nilivyojificha mimi.

KUJUA KAMA HITA IMEZIBA

Washa injini, acha ipate moto wake wa kawaida. Weka hita kwenye moto kamili, washa feni. Ikitoka hewa baridi, usiseme mara moja kwamba imeziba. Tazama kwanza mambo manne.

La kwanza, kiasi cha maji. Maji yakipungua, hita huwa ya kwanza kukosa. Utatazama injini ikiwa baridi tu.

La pili, thamostati. Mafundi wengi wa huku huitoa na kuitupa, wakisema nchi ni ya joto. Hilo ni kosa. Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata moto, hula mafuta zaidi, na huchakaa upesi. Na iko injini ambayo ukiitoa thamostati maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, nayo huchemka zaidi kuliko kwanza.

La tatu, bomba la kufungulia hita, kama gari yako inalo, na waya unaolivuta. Mara nyingi waya umekatika tu.

La nne, hewa iliyonaswa ndani. Ukisikia maji yakilia nyuma ya dashibodi kama mto, ni hewa.

Hayo yote yakiwa mema, sasa shika mipira miwili ya hita karibu na ukuta wa bati, polepole, maana ni ya moto. Yote miwili ikiwa ya moto, maji yanapita. Mmoja ukiwa wa moto na wa pili wa vuguvugu au baridi, rejeta ndogo imeziba.

Na ukiona zulia la abiria wa mbele limelowa, au ukasikia harufu tamu ndani ya gari, au kioo kikafunga ukungu wenye mafuta usiotoka kwa kitambaa, hiyo haikuziba, imetoboka. Hiyo ni ya kubadilishwa, si ya kuoshwa.

KUIOSHA

Kwanza kabisa, injini iwe baridi. Si vuguvugu, baridi. Atakayefungua kifuniko cha rejeta ya moto atapigwa na maji na mvuke usoni, na wako wenzetu wenye makovu hayo mpaka leo.

Weka karai chini, fungua maji yatoke. Maji yenye kulanti ni sumu, na ladha yake ni tamu. Mtoto atayanywa, mbwa atayanywa, na mbuzi pia. Usiyamwage kando ya gereji wala mtoni, wala usiyatie katika chupa ya soda. Yaweke katika dumu lenye kifuniko, uandike juu yake SUMU.

Tia alama kwenye mipira, upi ni wa kuingiza na upi wa kutoa. Legeza klipu, zisogeze nyuma. Sasa hapa fundi mwenye haraka huharibu kazi. Mpira wa zamani hushikamana na bomba. Akiuvuta na kuupindua kwa nguvu, huvunja bomba la hita lenyewe, maana ni laini, la shaba au alumini. Ukikataa kutoka, upasue kwa kisu kwa urefu, uumenye. Mpira wenyewe unatupwa, wauhurumia nini?

Kisha chukua mpira wa kumwagilia bustani, uushike kwenye bomba la kutolea maji, yaani kinyume cha njia ya kawaida. Uchafu uliingia kwa mlango wa mbele, utausukuma utoke kwa mlango huo huo. Kwenye bomba la pili funga kipande cha mpira kinachofika kwenye ndoo, ili uone kinachotoka. Fungua maji kidogo kidogo. Usitumie nguvu ya mashine ya kuoshea magari, wala upepo wa kompresa, utapasua mirija. Hapa Osiri ambako hatuna bomba la maji kila mahali, pipa lililoinuliwa juu ya meza latosha. Maji yatatoka ya rangi ya chai, kisha ya matope, kisha meupe. Geuza njia, rudia. Geuza tena, mpaka yatoke safi kwa pande zote mbili.

Zikibaki chumvi ngumu, tia siki iliyochanganywa na maji ya moto kiasi, uiache kwa nusu saa, kisha suuza sana. Usitie asidi ya betri. Usitie magadi makali ya kuzibulia mifereji, maana hula alumini. Nimeona hita iliyooshwa namna hiyo. Ilizibuka kweli, na kesho yake ikatoboka mahali saba.

Ukiosha mara tatu na maji bado yapita kwa shida, usijidanganye. Mwambie mwenye gari anunue nyingine. Na kama hana pesa leo, fundi aweza kuunganisha njia ya kwenda na ya kurudi kwa mpira mmoja mzuri upande wa injini, maji yazunguke bila kuingia kwenye hita. Lakini hiyo ni dawa ya safari, si tiba. Gari hiyo haina moto wa kioo, na dereva asiitwe kuipeleka Limuru usiku.

KUFUNGA MIPIRA MIPYA

Mpira wa hita uwe ni mpira wa hita: wenye nyuzi ndani yake, ulioandikwa kwamba ni wa maji ya moto. Nyingi ni za tundu la milimita 16 au 19. Pima bomba lako, usikisie. Mpira wa petroli si wake, wa bustani si wake, na wa pampu ya shimo, nimekwisha kusema.

Badilisha yote miwili pamoja. Ilizaliwa siku moja, itakufa karibu siku moja. Urefu uwe sawa na wa zamani. Ukiwa mfupi, injini ikitikisika utachomoka. Ukiwa mrefu, utajikunja na kuzuia maji. Uwe mbali na ekzosi na mbali na mkanda wa feni.

Safisha mabomba kwa msasa mwembamba. Kulainisha mpira uingie, tumia maji kidogo au kulanti, usitumie grisi wala oili, maana mafuta huozesha mpira. Tia klipu kabla ya kusukuma mpira. Wangapi husahau wakaanza upya! Klipu ikae nyuma ya ule ukingo wa bomba, si juu yake. Kaza mpaka ishike. Usikaze mpaka iume mpira.

Kisha jaza polepole. Simamisha gari mdomo ukielekea juu mlimani, ili hewa ipande kwenye rejeta. Fungulia hita kwenye moto. Kama injini ina skrubu ya kutolea hewa, ilegeze. Washa injini ikiwa baridi na kifuniko wazi, ikimbie polepole. Maji yakishuka, ongeza. Funga kifuniko. Pasha injini moto, angalia kila klipu. Izime, iache ipoe, angalia kiasi cha maji tena, na kaza klipu mara ya pili. Kazi hii ya mwisho huchukua saa moja, na ndiyo inayorukwa sana.

Na kama kulanti haipatikani leo? Basi tia maji ya mvua safi yaliyokingwa kwenye bati safi baada ya mvua kuosha vumbi. Hayana chumvi nyingi. Lakini tafuta kulanti upesi, na usichanganye rangi mbili za kulanti bila kujua, maana nyingine zikikutana huganda kama uji, na uji huo utakwenda wapi? Hitani.

KALAMU NI SPANA PIA

Namaliza kwa jambo la chama.

Hapa katika Homa Bay, katika kisiwa cha Rusinga, ndiko lilipo kaburi la Tom Mboya. Vijana wamjua kama waziri. Lakini kabla ya uwaziri alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi, na kabla ya hapo alikuwa mkaguzi wa afya katika Nairobi. Kazi ya mkaguzi ni nini? Ni kuangalia na kuandika. Dereva naye ni mkaguzi wa gari yake kila asubuhi.

Nunua daftari dogo. Andika tarehe, namba ya gari, na ulichokiona: "Mpira wa hita walia maji. Nimemwambia mwenye gari." Mpe nakala, au mpelekee ujumbe kwa simu, usiufute. Yule kijana wa Canter alisema mara tatu, na maneno yake yalikwenda na upepo wa Nam.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi atoe habari kwa mkubwa wake akiona hatari kubwa kazini, na mpaka hatari hiyo iondolewe, asilazimishwe kurudi mahali penye hatari. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo yaruhusu kukata mshahara kwa mali iliyoharibika, lakini ni kwa kosa la makusudi la mfanyakazi, na kwa kiasi cha haki. Tena makato yote pamoja hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara. Mpira uliooza wenyewe si makusudi ya dereva. Na mwenzetu akiungua kazini, iko Sheria ya Fidia, ya mwaka 2007 pia. Amwarifu mwajiri mara moja, na mwajiri apeleke habari serikalini katika siku saba. Msikae kimya mpaka mke aje kwa Katibu.

Kwa wenye gari walio hapa, nawaambia kwa heshima: usipoziba ufa utajenga ukuta. Bei ya mipira miwili na mkebe wa kulanti haifiki hata robo ya bei ya silinda hedi. Na dereva anayekwambia gari ina kasoro anakulindia mali yako.

Kwa mafundi wenzangu nasema: njaa ni njaa, naijua. Lakini mpira tunaoufunga jioni, mtoto wa mtu atauendesha usiku.



MASWALI YALIYOULIZWA

Dereva wa Probox aliuliza: Gari ikianza kuchemka mlimani, nifanye nini?
Jibu: Zima kipoza hewa, fungulia hita kwenye moto wote, maana itachukua joto kidogo kutoka kwenye injini. Simama mahali salama, zima. Ngoja nusu saa au zaidi. Usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, hedi itapasuka. Na mshale ukishuka ghafula bila sababu, usifurahi. Simama uangalie maji.

Utingo mmoja aliuliza: Mtu akiungua kwa maji ya rejeta, tumpake nini?
Jibu: Msimpake kitu. Si dawa ya meno, si mafuta, si unga. Mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, vueni pete na saa, mfunikeni kwa kitambaa safi, mpelekeni hospitali.

Mama mmoja wa machimboni aliuliza: Injini zetu za kusagia mawe hazina hita. Maneno haya yatuhusu?
Jibu: Yawahusu sana, mama. Injini ya kusagia inayopozwa kwa maji nayo huziba kwa maji ya shimo. Kingeni maji ya mvua, badilisheni mipira kabla haijapasuka, na msimruhusu mtoto kukaa karibu na kifuniko chake ikiwa ya moto.

Mwenyekiti alifunga mkutano kwa kuwakumbusha wanachama kwamba daftari za kuandikia kasoro za gari zapatikana kwa Katibu wa tawi. Ukimaliza kusoma karatasi hii, mpe mwenzako. UMOJA NI NGUVU.